Ng'ombe Wanne Waliogeuka Chuma

Shamba la Tumbaku, nje ya Iringa
17 Februari 1957

Mlamu wangu Yotamu,

Kamwene. Nakusalimu wewe, dada yangu Severina, na mpwa wangu Yudith ambaye nasikia anasema maneno mengi kuliko baba yake, jambo nisiloliamini. Huku tu wazima. Mama anakohoa asubuhi tu. Ikifika saa nne anagombana na majirani, kwa hiyo tunajua amepona. Mvua zimeshika, mianzi inatoa ulanzi mwingi, mpaka padri ametoa mahubiri mawili juu ya ulevi na sakristani hakuyasikia yote mawili kwa sababu ya ulevi. Mimi bado ni karani wa mizani kwa Mgiriki. Wanawake wanaleta majani ya tumbaku, mimi napima, naandika, naambiwa nimekosea.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Nimepata mchumba. Anaitwa Apolonia, binti wa Mzee Kalinga wa Ipogolo. Usiniulize mengi. Ana adabu, anaimba kanisani, basi. Mzee Kalinga amekubali kwa ng'ombe wanne, wafike kwake kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti. Wasipofika, binti ataolewa na Joachim fundi cherehani, mwenye ng'ombe watatu, baiskeli, na mdomo.

Wewe unajua na mimi najua kwamba ng'ombe ninao. Ni wale wanne wa mahari ya Severina, uliotulipa mwaka 1953, tukawaacha kwako Igawa kwa sababu ya karantini iliyofunga njia. Nilikuambia, "Wakae, mlamu, uwachunge, maziwa unywe." Karantini iliondoka zamani, uvivu wangu ndio ulibaki. Sasa nawataka. Nijibu wana hali gani, nije kuwaswaga.

Shemeji yako,
Liberatus

*

Igawa, Mbeya
10 Machi 1957

Kwa Bwana Mkubwa Liberatus, Karani Mkuu wa Majani,

Ndaga, mlamu, ndaga sana. Barua yako ilifika na harufu ya tumbaku. Severina aliinusa kabla ya kuisoma, akapiga chafya tatu, akasema, "Kaka yangu mzima." Sisi hatujambo. Yudith kweli anaongea, na neno lake la kwanza kwa Kiswahili lilikuwa "toka," alimwambia mchungaji wetu wa Moravian aliyekuja kutuombea. Nimemkanya, lakini si sana.

Nakupongeza kwa mchumba. Ana adabu, anaimba kanisani, basi! Mlamu, mwanaume akiandika "basi" namna hiyo, huyo amekwisha. Mimi niliyekula nyoka Burma, niliyeshuka futi elfu mbili chini ya ardhi katika migodi ya shaba kule Rodeshia, niliyemwona Mwingereza wa vyeo vitatu akimlilia mama yake, nakuambia hakuna shimo refu kama lile.

Umeuliza ng'ombe. Nitakujibu, lakini swali la ng'ombe ni zito, linataka msingi. Wewe mapadri walikufundisha Kilatini cha kuzungumza na Mungu. Elimu ya dunia hawakukupa. Mimi darasa la nne nilitoka kwa sababu ya ugomvi na mwalimu, lakini chuo kikuu nilikimaliza chini ya ardhi. Nililala chumba kimoja na Mnyasa mmoja, Jailos, mtu wa chama cha wafanyakazi, aliyekuwa na kitabu kisicho na jalada. Ndani yake mlikuwa na maneno ya Mjerumani mmoja wa zamani mwenye ndevu kubwa kama kichaka, na Jailos alitusomea kila Jumapili badala ya kanisa. Mafundisho ni haya, shika vizuri: kitu hakina thamani mpaka mtu akitolee jasho. Shaba ikiwa chini ni jiwe tu, hata mende hajali. Thamani ni jasho la mtu lililoingia ndani ya kitu. Na yule anayekaa kivulini akisema "hiki changu," huyo ni kupe.

Sasa tuilete elimu hii zizini. Nani aliwapeleka mtoni miaka minne? Yotamu. Nani aliwabandua kupe kwa vidole hivi hivi? Yotamu. Fisi alipokuja, nani alisimama na mkuki? Severina, lakini mkuki ulikuwa wa Yotamu. Wewe ulikuwa wapi? Iringa, kivulini, na mizani. Kwa hesabu ya yule mwenye ndevu, sehemu yako katika ng'ombe wale ni kwato, na hata hizo nimezichonga mimi. Sisemi kwa ubaya, nasema kama mwalimu.

Hali yao usiogope. Wako mahali pazuri kuliko zizi.

Habari nyingine ni kwamba Igawa imepata mashine ya kusaga mahindi. Iko kando ya barabara kuu, hakuna lori linalopita bila kuiona. Inanguruma mpaka kuku wameacha kutaga upande ule. Watu wanasifu sana akili ya aliyeileta. Sitaki kumtaja, ni mtu asiyependa sifa.

Mwalimu wako,
Yotamu

*

Shamba la Tumbaku
2 Aprili 1957

Mlamu,

Salamu zako zimefika, na mama amecheka habari ya Yudith na mchungaji mpaka kikohozi kikarudi. Sisi Wakatoliki tumefurahi. Mwambie mtoto zawadi yake iko njiani.

Babu yangu alijenga barabara ya Wajerumani mpaka mgongo ukapinda. Wale aliowajua yeye pia walikuwa na ndevu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Mzee, jasho lako lina thamani." Walimwambia, "Haraka." Kwa hiyo huyo wa Jailos ningependa kujua alikuwa amejificha wapi siku zile.

Lakini maneno yake hayajanitoka, na kosa ni lako. Wiki iliyopita Mgiriki aliingiza trekta. Watu ishirini wa jembe wakaambiwa warudi makwao. Nilikaa kwenye mizani yangu nikajiuliza: chuma hakitoki jasho, mbona shamba linalimwa? Jasho limekwenda wapi? Nikamuuliza dereva wa trekta. Akaniambia, "Liko hapa kwenye suruali, bwana karani, unataka kulipima?" Basi nikafikiri siku tatu, na jibu langu ni hili. Trekta ni jasho la watu wengine, waliochimba chuma na kukiyeyusha, watu tusiowajua. Ni jasho lililokauka, kama samaki mkavu. Samaki mkavu ana ladha, lakini havimbi mpaka mtu hai amtie maji ya moto. Yule dereva ndiye maji. Na wale ishirini hawakupotea, kaachiwa yeye mmoja kuwabeba wote.

Umeona nami nina kichwa. Sasa tukirudi kwako: maziwa ya miaka minne ndiyo yalikuwa mshahara wako, na uliunywa. Na kama mali ni ya anayeitolea jasho, nani anakupikia, anakufulia, anakufukuzia fisi? Basi wewe ni mali ya Severina, pamoja na kwato.

Neno la mwisho. Edmund, dereva wa lori, alilala Igawa juzi. Anasema ile mashine imeandikwa kwa rangi nyekundu YOTAMU NA WANAWE. Mlamu, una mtoto mmoja, naye ni wa kike. Uliinunua kwa kitu gani? Na hapo "mahali pazuri kuliko zizi" ni wapi? Mbinguni?

Liberatus

*

Igawa
5 Mei 1957

Mlamu mpendwa, mwenye kichwa,

Pasaka imepita salama, tumekula kuku aliyeacha kutaga. Yudith ameota jino la nyuma na ameling'atia mkono wangu wa kulia, ndiyo maana mwandiko umelala. Severina anakusalimu. Hakusema kwa mdomo, maana tangu Pasaka ananisemesha kupitia mtoto: "Yudith, mwambie baba yako ugali umepoa." Nadhani ni baridi ya mwezi huu, itapita.

Haya. Mtu mzima hamdanganyi shemeji yake mara tatu, mbili zinatosha. Ng'ombe hawakufa wala hawakuibiwa. Wamegeuka chuma.

Mhindi mmoja wa Mbeya alikuwa anafunga duka, mashine iko uani imefunikwa turubai. Nilipoifunua, mlamu, moyo ulinipiga kama siku ile nilipomwona Severina amebeba mtungi. Nikasema moyoni: ng'ombe wa Liberatus wamelala Igawa miaka minne wakitafuna nyasi bila maendeleo. Ng'ombe anazaa mara moja kwa mwaka, tena akitaka. Mashine inazaa kila debe! Ng'ombe akiugua ndigana umlilie. Mashine ikiugua nati, napiga spana inapona. Sikukuuliza kwa sababu nilitaka kukushangaza. Umeshangaa?

Nimepiga hesabu. Mavuno ya mahindi yanaanza. Kufika Agosti chuma hiki kitakuwa kimezaa ng'ombe wanane. Wanne kwa Mzee Kalinga, wawili kwako kwa maziwa, wawili kwangu kwa akili. Wewe unasema samaki mkavu. Mimi nasema huyu ni mbichi, tena ana mayai. Najua utaniuliza, na Jailos? Mlamu, Jailos hakuwa na mashine. Yule mwenye ndevu naye nasikia hakuwa na mashine. Mtu asiye na mashine huona mambo upande mmoja.

Nimeajiri mtu mzima wa maana, Asukile, baba wa watoto watano. Yeye anazungusha hendeli kuiamsha injini, anamimina mahindi, anafunga magunia. Mimi nafanya usimamizi. Nimechonga kiti cha mninga, nakaa mlangoni nikiwaeleza wateja elimu ya dunia wakati wanasubiri unga. Asukile anasikiliza vizuri sana. Sijapata kuona mtu anayesikiliza kama yeye.

Usimwambie Mzee Kalinga bado. Mwambie ng'ombe wananenepa.

Fomeni Yotamu

*

Shamba la Tumbaku
19 Mei 1957

Yotamu,

Mama hajambo.

Kwa hiyo umeuza mahari ya dada yangu. Kwetu mahari ikirudishwa, mke naye anarudi kwao. Kuuzwa sijapata kusikia, wala wazee niliowauliza hawajasikia. Sijui kama leo Severina ameolewa na wewe au na mashine.

Joachim amemshonea Apolonia gauni. Amelikataa. Amemshonea mama yake, amelipokea.

Agosti kumi na tano.

Liberatus

*

Igawa
14 Julai 1957

Mlamu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilikuwa fupi, na barua fupi huchukua muda mrefu kusoma. Yudith mzima. Nyanya za uani zimeungua kwa baridi. Ng'ombe hakuna hata mmoja, achilia wanane.

Nitakueleza yote. Sifichi kitu, isipokuwa nitakachosahau.

Mwezi wa sita watu walikuja na madebe mpaka foleni ikagusa barabara. Asubuhi moja nafika na kahawa yangu, namkuta Asukile amekaa kwenye gunia, mikono magotini, injini kimya.

Nikamwambia, "Asukile, imekufa?"

Akasema, "Haijafa, mzee. Mimi ndiye niliyekaa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Jana ulimweleza yule mama wa Madibira kwamba thamani inatoka kwenye jasho."

"Ndiyo, nilimweleza. Ni elimu hiyo."

"Hapa jasho linatoka kwa nani?"

Nikanywa kahawa. Akaendelea, kwa upole kabisa, mtu hana hata hasira: "Kiti hakitoki jasho, mzee. Nimekiangalia tangu mwezi wa nne."

Wanawake kwenye foleni wakapiga vigelegele! Mmoja akasema, "Na sisi je? Tumelima, tumevuna, tumepukuchua, tumebeba kichwani. Huyu Baba Yudith analichafua tu jasho letu kwa moshi, halafu anataka alipwe." Mlamu, nilikuwa nimefuga wanafunzi bila kujua.

Nikasema mashine ni yangu, itasaga bila Asukile. Hendeli sikuiweza kwa sababu ya bega, unalijua bega langu la Burma. Basi nikakaa na mashine peke yetu siku tatu. Dizeli imejaa, grisi nimeipaka mpaka inang'aa. Nikaisemesha kwa Kinyakyusa, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza cha jeshi ambacho kingemwamsha maiti. Haikusaga hata punje. Ng'ombe ukimwacha siku tatu atavunja ua wa jirani akuletee kesi, angalau ni habari. Chuma hiki hakikuleta hata kesi. Kilikaa tu, kama mimi.

Siku ya nne Severina alikuja amejifunga kanga kiunoni. Hakunitazama. Akashika hendeli, akazungusha mara moja, ikanguruma. Akasaga foleni nzima mpaka saa kumi na moja, nywele nyeupe kwa unga kama bibi kizee. Halafu akanisemesha mwenyewe, bila kupitia kwa mtoto: "Baba Yudith, leo nimesaga mahari yangu mwenyewe. Imetosha. Kaka yangu hatanyang'anywa mchumba kwa ajili ya akili zako. Pakia."

Nimepakia. Edmund anaondoka kesho na lori lake, ndani yake mna injini, kinu chake, mkanda, na madumu mawili ya dizeli. Severina na Yudith wanakuja nayo. Mpelekeeni Mzee Kalinga, mwambieni ndiyo ng'ombe wanne, wameshikana. Mimi siji. Ni bega.

Asukile nimemlipa chote kilichobaki kwenye kopo, na kiti nimempa. Alikataa kukikalia mbele yangu. Nililia kidogo, lakini upepo ulikuwa na vumbi.

Samaki alikuwa mkavu, mlamu. Ulisema kweli.

Yotamu

*

Shamba la Tumbaku
4 Agosti 1957

Mlamu wangu,

Kamwene. Dada amefika, mtoto amefika, mashine imefika. Yudith ametawala nyumba, mama hathubutu kukohoa bila ruhusa yake.

Nitakusimulia ya Ipogolo, maana ungekuwepo ungeyasema wewe na yangekuwa mengine. Mimi kwa adabu ya ukwe nilisimama ng'ambo ya barabara, siwezi kumkaribia mkwe. Mengine nimeyasikia kwa masikio, mengine kaniambia Severina.

Wanaume sita waliiteremsha mashine uani. Mzee Kalinga aliizunguka, mikono nyuma, kama anavyowazunguka ng'ombe mnadani.

"Binti, hawa ndio ng'ombe?"

"Ndio, baba."

"Wanakula nini?"

"Dizeli."

"Wanakunya nini?"

"Moshi, baba."

"Kwa hiyo samadi hakuna."

"Hakuna."

"Wanazaa?"

"Mume wangu anasema wanazaa."

"Sijamuuliza mumeo, namwona hayupo. Wewe wasemaje?"

Severina akamwonyesha viganja vyake. "Mimi nasema wamenikomaza mikono, baba."

Mzee akaagiza debe la mahindi. Severina akaiamsha, akasaga. Mke wa Kalinga akaupima unga kwa vidole, akasema ni laini ila una joto. Joachim alikuwa ameegemea ua na baiskeli yake, akapaza sauti kwamba mashine bila fundi ni kopo. Mzee akamgeukia: "Kweli. Hata cherehani yako niliitazama Jumapili ukiwa kanisani. Haikushona hata kifungo." Joachim akapiga kengele ya baiskeli.

Halafu mzee akakaa, akatoa hukumu. Alisema hivi, nimeyaandika kama alivyoyasema: "Ng'ombe akija kwangu anakuja na miguu yake. Hiki kimebebwa na watu sita. Nikikikubali peke yake nitakuwa nimemwoza binti yangu kwa jiwe. Aliyeuza miguu ya ng'ombe alete ya kwake. Asage hapa kwangu mpaka mvua za kwanza. Hapo nitahesabu mahari imetimia."

Severina akasema atasaga yeye. Mzee akakataa. "Wewe ulishasaga yako. Mahari ya kaka yako haisagwi na dada yake." Siku aliyoitaja ni ile ile, kumi na tano Agosti. Miguu isipoonekana, ng'ombe watatu wa Joachim wako tayari, na wanatembea.

Sikuamuru. Najua mtu aliyekuwa fomeni si rahisi akawe mtumishi uani kwa watu, tena kwa wakwe za mwingine, tena Wahehe. Najua bega. Lakini nilikuandikia kwamba Apolonia anaimba kanisani, basi. Haikuwa basi, Yotamu. Jumapili nikikosa kuisikia ile sauti, wiki nzima mizani yangu inakosea.

Severina yuko hapa kwa mama. Hajasema anarudi Igawa lini, nami sijamuuliza.

Liberatus

*

Ipogolo, uani kwa Mzee Kalinga
27 Oktoba 1957

Kwa bwana harusi,

Ndaga, mlamu. Nakuandikia juu ya gunia la pumba, kwa hiyo nukta nyingine ni pumba. Severina mzima, anakusalimu kwa mdomo wake mwenyewe, yuko hapa pembeni ananisahihisha. Yudith ameota meno yote. Nyumbani Igawa Asukile anatuangalizia shamba, na ameniandikia kwamba kile kiti anakikalia sasa, lakini jioni tu, baada ya kulima.

Mzee alipokutumia mjumbe kwamba mahari imetimia, hukuambiwa ilivyokuwa, na wewe kwa adabu yako ya ukwe huwezi kukanyaga hapa ukaona. Basi nikueleze, maana ni sifa zangu, na nani mwingine atazisema?

Tangu nilipofika tarehe kumi na nne Agosti, siku moja kabla, watu wakisema nimekuja kwa miguu kutoka Igawa (nilipanda lori la Edmund, lakini usiwarekebishe), nimesaga kila siku ya Mungu. Bega lilipona siku ya pili. Sijui dawa ni nini. Naamka, naizungusha, namimina, nafunga. Malipo ya wateja anapokea mzee. Mimi napata ugali, ulanzi ukiwepo, na "pole." Mlamu, sasa najua kitu ambacho Jailos hakutusomea: anayetoa jasho hana nafasi ya kueleza. Mwezi mzima sikumfundisha mtu chochote. Watu wa Ipogolo wanadhani mimi ni mpole.

Wiki ya tatu nilichoka, nikakumbuka elimu. Nikakaa kwenye gunia, mikono magotini. Mzee akaja.

"Imekufa?"

"Haijafa, mzee. Nimekaa. Jasho ni langu, unga ni wa watu, malipo ni yako. Nataka tuzungumze."

Nilidhani atakasirika. Mlamu, yule mzee ni hatari kuliko Mjapani. Alivuta gunia jingine, akakaa karibu nami, akaagiza ulanzi wa watu wawili. Akanimiminia. "Haya, tukae," akasema. "Na harusi ya shemeji yako nayo itakaa hapa katikati yetu. Nina nafasi mpaka Krismasi."

Nilikunywa kikombe kimoja, kwa heshima. Nikainuka nikaamsha injini. Sikuinuka kwa ajili ya mzee. Nakuambia tu ujue.

Jioni ile Severina alikuja kutoka kwa mama yako na maji ya moto, akanikanda bega ambalo haliumwi. Tangu siku ile analala hapa.

Ijumaa mvua ya kwanza ilinyesha, ndogo, ya kulowesha vumbi tu. Wengine wangesema hiyo si mvua. Mzee alitoka nje, akanyoosha kiganja, likamdondokea tone moja, akasema, "Imetimia." Mchana ule ule akaja Apolonia na mama yake, kila mmoja na debe la ulezi kichwani. Wewe unajua ulezi uliooteshwa ukaanikwa haupikwi uji. Kilikuwa kimea cha pombe ya harusi yako.

Nikasema hiki nakisaga mimi, tena kwa mbwembwe. Nikazungusha hendeli. Debe la kwanza halijafika nusu, mkanda ukakatika vipande viwili, ukanichapa shavuni. Mkanda mwingine uko Mbeya, na kimea hakisubiri, kikikaa unyevu kinavunda. Wanawake wakatoa jiwe la kusagia, wakaanza kukunja kanga. Nikawaambia subirini. Mlamu, nilipiga magoti. Mimi, mtu wa Burma, mwanaume mwenye ndevu, nimepiga magoti kwenye jiwe uani kwa watu, mchana kweupe, nikasaga ulezi kama bibi. Kwetu na kwenu hakuna aliyepata kuona. Watoto waliitana kutoka mtoni kuja kuangalia.

Joachim alipita na baiskeli, akasimama kucheka. Mama yake Apolonia akamwambia, "Shuka basi, ushike jiwe la pili." Alikumbuka ana suruali ya mtu ya kupiga pasi.

Apolonia alichuchumaa akawa ananikusanyia unga kwa kiganja. Ana adabu kweli. Halafu akaanza kuimba, taratibu, wimbo wa kusagia, nipate mwendo. Mlamu, sasa nimeelewa habari ya mizani yako.

Leo padri ametangaza majina yenu mara ya tatu, hakuna aliyesimama kupinga. Tarehe tisa Novemba njoo mapema, mimi magoti bado hayakunjuki, utanishika mkono kuingia kanisani, hata kama ni la Wakatoliki. Mashine tumeifunika turubai. Mzee anasema mkanda ukija atamtafuta mtu wa kumlipa, mtu mwenye jasho lake, na mshahara tumeupanga pamoja naye mimi na Severina, maana huyo mtu hatakuwa na shemeji wa kumwinua.

Unga haukutoka laini sana. Pombe yako itakuwa na chenga. Ukikuta moja katikati ya meno, mlamu, usiteme. Ni mimi huyo.

Yotamu